Presha Haiumi, Dawa ya Nini?



Tuanze na mtu wa presha. Ameambiwa ameze kidonge kila siku, hata akijisikia mzima. Miezi miwili mbele ameacha. Si mkaidi, wala si kwamba hakuelezwa. Mwaka 1985, Howard Leventhal na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya wagonjwa kama huyu. Wengi walikubali kwamba mtu hawezi kujua presha yake imepanda bila kupimwa. Kisha hao hao wakadai kwamba wao, ya kwao wanaijua: moyo huenda mbio, kichwa huuma, uso hupata joto. Na walioona dawa inawapunguzia dalili hizo ndio walioifuata vizuri zaidi.

Hapo, kati ya maneno ya kliniki na mambo ya nyumbani, ndipo penye kazi ya mwanasaikolojia wa afya. Haandiki dawa, na wengi anaowahudumia hawana ugonjwa wa akili.

Anasomeaje? Nitachukua Uingereza, maana hatua zake ziko wazi. Kwanza shahada ya saikolojia inayotambuliwa na chama cha wanasaikolojia cha huko. Halafu uzamili wa saikolojia ya afya, mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote. Wengine hudhani wamefika. Bado! Inafuata angalau miaka miwili ya kazi chini ya msimamizi, ama kwa shahada ya uzamivu chuoni, ama kwa njia ya chama chenyewe. Humo atafanya utafiti, atafundisha wahudumu wengine, atashauri taasisi, na atawasaidia watu kubadili mwenendo. Hili la mwisho halijibiwi kwa insha. Lazima ukae na mgonjwa, umsikilize anavyouelewa ugonjwa wake, kisha msimamizi akukosoe. Mahali pa kufanyia kazi hiyo mara nyingi mwanafunzi hujitafutia mwenyewe, na kwa maoni yangu utaratibu huo unawaumiza wasio na mfuko mnene.

Akihitimu husajiliwa na baraza liitwalo HCPC. Tangu 2009, asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita mwanasaikolojia wa afya. Kenya nayo ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014.

Kwa hiyo wewe unayetaka kulipa ada, iwe London au Nairobi, kiulize chuo kwanza: nani atanisimamia nikiwa na wagonjwa? Na cheti hiki kitanisajili kwa jina gani?