Mtoto Asiyeona Mbali: Tuchague Matibabu Mapema
Mazungumzo na wazazi na walezi wa wanafunzi wa shule za msingi



Yuko mtoto anayekaza macho kusoma ubao na kunakili kutoka daftari la mwenzake. Wengine humwita mvivu, kumbe haoni mbali. Akipimwa na kupewa miwani, ubao huonekana.

Lakini miwani ya kawaida humsaidia kuona tu. Tatizo lenyewe ni jicho linalorefuka kupita kiasi, na kadiri linavyorefuka ndivyo namba ya miwani inavyopanda. Ikifika kutoa 6 na kuendelea, hatari ya retina kubanduka, glakoma na hata upofu ukubwani huongezeka. Anayeanza akiwa na miaka 7 yumo hatarini zaidi ya anayeanza akiwa na 12. Kwa hivyo tusingoje.

Zipo njia nne za kupunguza kasi hiyo. Ya kwanza ni matone hafifu ya atropini, ya asilimia 0.01 hadi 0.05, kila usiku. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kuwa ya 0.05 yalisaidia zaidi. Tafadhali, msijinunulie atropini: ile ya kawaida ya asilimia 1 ina nguvu mara 20 au zaidi. Ya pili ni miwani yenye lenzi maalumu za kupunguza kasi, inayomfaa hata mtoto mdogo. Ya tatu ni lenzi laini zinazovaliwa ndani ya jicho mchana. Ya nne ni lenzi ngumu za kulala nazo, zinazovuliwa asubuhi. Hizi mbili za mwisho zinadai mikono safi, na zisiguswe kamwe na maji ya bomba, kwani jicho linaweza kuambukizwa.

Hakuna hata moja inayoponya kabisa. Kwa hivyo muulizeni mtaalamu wa macho: Namba ya mtoto imepanda kiasi gani mwaka huu? Matibabu yatagharimu pesa ngapi kwa mwaka mzima? Yanapatikana wapi yakiisha? Tutarudi kupimwa lini? Njia inayofaa ni ile ambayo familia itaimudu kwa miaka kadhaa. Msiikatishe ghafla bila ushauri, kwa maana namba inaweza kupanda tena kwa haraka.

Wengine humpa mtoto miwani hafifu wakidhani ile kamili itamharibu macho. La hasha, kufanya hivyo hakupunguzi kasi, na mtoto huendelea kukosa ubao.

Mwisho, lipo jambo lisilo na bei. Waacheni watoto wacheze nje, kwenye mwanga wa mchana, kwa jumla ya saa 2 kila siku. Hupunguza uwezekano wa tatizo hili kuanza, hata kwa wadogo zao ambao bado wanaona vizuri.

Ukimwona mwanao akikaza macho, usimgombeze. Mpeleke akapimwe.