Sambaza Alivyofika Kivu: Mada kwa Wafugaji wa Samaki, Dzaleka



Mtu wa Bukavu ukimwandalia usipa wa Malawi atakula, atashukuru, kisha atakwambia sambaza ni mtamu zaidi. Nami ni mmoja wao. Lakini sambaza huyo tunayemlilia si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa, na safari yake ndiyo nimeombwa niieleze kabla hatujaamua vifaranga gani viingie kwenye mabwawa yetu hapa na ya wenzetu wa Lilongwe.

Mto Ruzizi hutoka Kivu na kuteremka kwa kishindo hadi Tanganyika. Samaki wa chini hawezi kuyapanda maporomoko yale. Kwa hiyo katikati ya Kivu vijidudu vya majini vilielea tele bila samaki wa kuvila. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji walichota Tanganyika vifaranga wa dagaa kama 57,400 wa aina mbili, wakawamwaga Kivu. Aina moja iliisha yote. Ile nyingine, ambayo Kigoma huitwa lumbu, ndiyo ikawa sambaza.

Miaka mingi ikapita, ikaonekana kama kazi ya bure. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu: wachache wakiongezeka maradufu bado ni wachache, na siku utakapowaona wamejaa, hawaondoleki tena. Si samaki tu. Mwaka 1935 na 1936 muskoksi 31, wanyama wa baridi wenye manyoya ya kugusa chini, walipelekwa kisiwa cha Nunivak huko Alaska. Kufikia 1968 walikuwa wamepita 700. Kisiwani hapakuwa na mbwa mwitu. Sambaza naye aliwaacha Tanganyika sangala na mikebuka waliokuwa wakimla. Mwaka 1979, mradi wa Umoja wa Mataifa ulipoanza uvuvi wa karabai kutokea Gisenyi, ulikuta samaki wa kutosha. Leo ukisimama Goma usiku utaona taa ziwani, mitumbwi mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, na wavuvi wanaimba.

Ongezeko lile lilikuwa na dari, au tuseme sakafu. Kina cha Kivu kinakaribia mita 485, ila chini ya mita 60 hivi hakuna hewa ya kuvuta, ni gesi tupu. Sambaza wanabanana juu. Walikula vijidudu hadi kimojawapo, kile kikubwa, kikatoweka. Kisha wakubwa wakageukia watoto wao wenyewe. Mwaka 1986 mtaalamu wa Kibelgiji, Dumont, aliandika kwamba uvuvi ungeanguka. Haukuanguka. Nasema hivyo kwa furaha, kwa sababu ya tumbo langu, lakini kupona kwa uvuvi si kupona kwa ziwa.

Samaki yuleyule alipelekwa Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, akawa kapenta. Hakukaa alipowekwa. Alipenya kwenye mitambo ya umeme ya bwawa la Kariba, akafuata Zambezi, akajaza Cahora Bassa kule Msumbiji bila kupelekwa na mtu.

Sasa Malawi. Miaka ya 1980 wapo wataalamu waliopendekeza dagaa huyu amwagwe Ziwa Malawi ale viluwiluwi vya nkhungu, wale wadudu wanaopaa kama moshi juu ya maji na kukandwa kuwa mikate. Hoja ilikuwa kwamba viluwiluwi vinapoteza chakula cha ziwa bure. Wengine walipinga, na utafiti wa miaka ya 1990 ukaonyesha kwamba hakuna cha bure: samaki ndunduma na wenzake wa maji ya kina wanavila. Dagaa hakuletwa. Mimi niliyelelewa na sambaza naona walifanya sawa, maana usipa na utaka wasingepata pa kukimbilia.

Kwa hiyo mwenzetu anayesema atatafuta vifaranga wa perege wa Nile kwa njia za panya, kwa kuwa wanakua upesi kuliko chambo, atazame kwanza maji ya bwawa lake yanaelekea wapi. Maporomoko ya mto Shire huwazuia samaki wa Zambezi wasipande. Lakini Lilongwe iko juu ya maporomoko hayo, upande wa ziwa. Bwawa likipasuka mwezi wa Februari, maji huingia mto Lilongwe, kutoka hapo Linthipe, kisha ziwani, na samaki anayeshuka hahitaji kupanda chochote.