Lutu Alikawia



Katika sura ya 19 ya Kitabu cha Mwanzo limo jambo dogo ambalo sisi wahubiri hulipita upesi, kwa haraka ya kumfikia mke wa Lutu na ile nguzo ya chumvi. Lutu alikuwa ameambiwa waziwazi kwamba mji utateketea. Naye aliamini, hata akatoka usiku kwenda kuwaonya wachumba wa binti zake, na hao wakadhani anawafanyia mzaha. Kulipopambazuka malaika wakamhimiza aondoke. Mtu huyu aliyeamini, aliyewaonya wengine, akakawia. Maandiko hayatuambii alikuwa akifanya nini ndani ya nyumba. Ilibidi malaika wamshike mkono, yeye na mkewe na binti zake wawili, na kuwatoa nje ya mji.

Wataalamu wanaochunguza mwenendo wa wanadamu wakati wa moto wangemtambua Lutu mara moja. Sisi wengine tunayo picha tofauti. Tunadhani moto ukizuka watu hurukwa na akili, hupiga mayowe, hukanyagana, kila mtu na roho yake. Mambo hayo hutokea, sikatai, hasa mwishoni, wakati njia zimekwisha kuziba na moshi umekwisha kushuka hadi usawa wa uso. Lakini kabla ya hapo hupita dakika chache za utulivu wa ajabu. Watu huendelea kula, huvaa viatu, hutafuta mkoba, huulizana, “Hivi ni kweli?” Na dakika hizo ndizo zilizokuwa za kuokokea.

Chukueni mfano wa ukumbi wa karamu na burudani ulioitwa Beverly Hills Supper Club, mjini Southgate, jimbo la Kentucky nchini Marekani. Uliungua usiku wa tarehe 28 Mei 1977. Moto ulianzia katika chumba kisichokuwa na watu, mbali na ukumbi mkubwa ambamo watu zaidi ya 1,000 walikuwa wakiwacheka wachekeshaji wawili jukwaani. Kijana mmoja wa miaka 18, ambaye kazi yake ilikuwa kuondoa vyombo mezani, alipata habari za moto. Hakungoja ruhusa. Alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akawaonyesha watu milango ilipo na kuwaomba watoke. Wengi waliinuka. Wengine walibaki vitini wakitabasamu, kwani walidhani kwamba kijana yule ni sehemu ya vichekesho. Dakika chache baadaye moshi mweusi uliingia ukumbini, na taa zikazimika. Usiku ule walikufa watu 165, na wengi wao walikuwa katika ukumbi ule.

Wachumba wa binti za Lutu nao walidhani ni mzaha! Kati ya Sodoma na Kentucky imepita miaka elfu kadhaa, na moyo wa mwanadamu haukubadilika hata kidogo.

Waliosoma maelezo ya walionusurika hawakukuta habari nyingi za watu kukanyagana kikatili. Walikuta kwamba watu walishikamana na wale waliokuja nao, wakawangoja, wakawavuta. Walikuta pia kwamba wahudumu wa kike waliwaongoza nje wageni wa meza zao wenyewe, kila mmoja na meza zake, kana kwamba utumishi wa jioni ile ulikuwa haujakwisha. Binafsi jambo hilo hunigusa kuliko yote. Hakuna aliyewapa amri hiyo.

Kwa nini basi tunakawia? Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Kijana aliketishwa chumbani ajaze karatasi za maswali, na moshi ukaanza kuingizwa kupitia tundu la ukutani. Walioketi peke yao, robo tatu walitoka kwenda kutoa taarifa. Lakini wengine waliketishwa pamoja na watu wawili waliokuwa wamepangwa kunyamaza, wasionyeshe dalili yoyote ya wasiwasi. Kati ya vijana 10 waliojaribiwa hivyo, ni mmoja tu aliyetoka kutoa taarifa. Wale 9 waliendelea kuandika huku wakikohoa na kupangusa macho, na walipoulizwa baadaye walitoa maelezo mengine ya moshi ule, ila si moto. Mtu akiwa peke yake humwamini moshi. Akiwa na wenzake huamini nyuso zao. Anaona haya kuwa wa kwanza kusimama. Na yule anayemtazama, naye anamtazama yeye!

Sasa tuyahamishie mambo haya kanisani kwetu. Ni usiku wa Mkesha wa Pasaka, umati umejaa hadi nje, kila mmoja ana mshumaa mkononi, watoto wamelala mikekani karibu na altare, na mapambo ya vitambaa na makaratasi yamezunguka kila nguzo. Kitambaa kimoja kinashika moto. Kila mtu atamtazama padre. Padre akiendelea kuimba, watadhani mambo ni salama. Katekista akiona haya kukatiza ibada, hakuna atakayeikatiza.

Na wakianza kutoka, watatokea wapi? Kule walikoingilia. Katika moto wa ukumbi wa muziki wa The Station, mjini West Warwick, jimbo la Rhode Island, tarehe 20 Februari 2003, milango mingine ya kutokea ilikuwapo, lakini wengi waliukimbilia mlango wa mbele walioingilia. Wakasongamana hapo, na watu 100 wakapoteza maisha. Sisi Wakatoliki tunalo kumbukumbu letu kubwa zaidi. Tarehe 8 Desemba 1863, katika sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, lilishika moto kanisa la La Compañía mjini Santiago, nchini Chile. Taa na mapambo ya altare ndivyo vilivyoanza kuwaka. Milango ilifunguka kwa kuvutwa ndani. Waliotangulia walipoanguka kizingitini, nyuma yao haikufunguka tena. Waliokufa walizidi 2,000, wengi wao wakiwa wanawake. Siku 12 baadaye wananchi wa mji ule waliunda kikosi cha zimamoto cha kujitolea, ambacho mpaka leo kinafanya kazi.

Wazazi wanisikilize hapa. Tarehe 2 Agosti 1973 jumba la burudani la Summerland, katika Kisiwa cha Man, liliungua na kuua watu 50. Watoto wengi walikuwa wakicheza upande mwingine wa jumba, mbali na wazazi wao. Mwanasaikolojia Jonathan Sime alichunguza mienendo ya watu siku ile. Jamaa waliokuwa pamoja walitoka pamoja. Lakini wazazi waliotengana na watoto wao waliacha njia ya kutokea, wakaenda kuwatafuta, wakipingana na wimbi la watu. Nani atawalaumu? Mama hatatoka kanisani wakati mtoto wake wa Utoto Mtakatifu ameketi mbele. Wala msijidanganye kwamba mtamwamuru naye akatii. Atatulia kwa sharti moja tu: ajue tangu mapema ni nani anayewatoa watoto wale, na kwa mlango upi, na watakutana chini ya mti gani.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma. Baada ya kila msiba wa moto husikika neno “taharuki.” Watu walitaharuki, wakafa. Neno hilo ni faraja kubwa kwa wenye majengo, kwa sababu marehemu hawezi kujitetea. Lakini mwezi wa Juni 1994, katika Shule ya Sekondari ya Shauritanga, huko Rombo mkoani Kilimanjaro, wasichana zaidi ya 40 walikufa katika bweni ambalo mlango wake ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana nondo. Mwezi wa Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya, walikufa wavulana 67. Bweni lao lilikuwa na milango miwili, mmoja umefungwa, na madirisha yana nondo vilevile. Msichana anayepiga mayowe huku ameshika nondo za dirisha hajarukwa na akili. Akili yake imemwambia kweli tupu. Aliyepaswa kufikiri ni mtu mzima aliyenunua kufuli.

Tena imani hii ya taharuki huua kwa njia nyingine. Mkuu wa shule, au msimamizi wa ukumbi, akiuona moshi huogopa kulitamka neno “moto,” asije akawatia watu kiwewe. Hutuma mtu akaangalie kwanza. Hutangaza kwamba kuna hitilafu ndogo. Uzoefu wa misiba mingi umeonyesha kinyume: watu wazima kwa watoto wakiambiwa wazi, mapema, na mtu wanayemfahamu, kwamba kuna moto na kwamba mlango ni ule pale, kwa kawaida hutoka kwa utaratibu. Wakifichwa mpaka moshi wenyewe uwaambie, hapo hakuna tena utaratibu wa kuutafuta.

Najua majibu yatakayoletwa. Milango hufungwa kwa sababu ya wezi, na nondo huwekwa kwa sababu ya wale wanaowanyemelea mabinti usiku. Ni kweli, na hatari hizo si za kubuni. Basi na awepo mlinzi macho, na komeo liwe la kufunguliwa kwa ndani kwa mkono, bila ufunguo, hata na mtoto wa darasa la kwanza gizani.

Kwa hiyo ninyi makatekista na wenyeviti wa vigango nawapeni kazi ya wiki hii. Ingieni kanisani siku ambayo hamna ibada. Hesabuni milango. Jaribuni kuifungua yote, pamoja na ule wa ubavuni ambao nyuma yake mmepanga viti vibovu na magunia ya saruji. Halafu Dominika ijayo, kabla ya Misa kuanza, katekista asimame awaonyeshe waumini kwa mkono mlango wa kulia, wa kushoto na wa sakristia, na awataje kwa majina wale watakaowatoa watoto na wale watakaowashika mkono wazee na wagonjwa. Tangazo hilo halizidi dakika moja. Ni fupi kuliko tangazo la mchango wowote niliowahi kulisikia. Na ufunguo wa mlango wa ubavuni, kama ungali unakaa nyumbani kwa mwenyekiti, uletwe leo.

Nawatakieni Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo.