Kuchachusha Maganda ya Mihogo na Magunzi ya Mahindi: Kila Taka na Kijidudu Chake

Mada kwa semina ya wakulima na wafugaji, Lubumbashi



1. Utangulizi

Anayeloweka mihogo siku tatu kabla ya kuianika, na anayetia mizizi ya munkoyo katika uji wa mahindi, wote wanafanya kazi na vijidudu. Ujuzi tunao. Ila tumeishia kwenye bukari na kinywaji, huku maganda na magunzi yakichomwa moto. Hoja yangu ni kwamba yachachushwe palepale yanapobaki, kila taka kwa kijidudu kinachoiweza.

2. Maganda ya mihogo

Ganda lina sumu nyingi ya sianidi kuliko nyama ya mhogo, kwa hiyo nguruwe asipewe likiwa bichi. Likatwekatwe: kukata huvunja seli, na sumu huanza kutoka. Linyauke siku moja, lishindiliwe ndani ya pipa mpaka hewa iishe, kisha lifunikwe kabisa. Bakteria za asidi ya laktiki hula sukari na kuleta uchachu. pH ikishuka karibu na 4, vijidudu vya kuozesha hushindwa. Baada ya wiki tatu hivi, fungua unuse. Sileji nzuri, yaani maganda yaliyochachushwa vizuri, ina harufu ya mihogo iliyolowekwa. Ikitoa uvundo au ikiota ukungu, isiliwe.

3. Magunzi

Gunzi lina lignini, na bakteria za asidi ya laktiki haziliwezi. Kazi hiyo ni ya uyoga mamama. Kawaida magunzi yaliyopondwa huchemshwa kwa mvuke ili kuua washindani wa uyoga, lakini makala ni ghali na miombo inazidi kukatwa. Badala yake, yalowekwe usiku kucha katika maji ya chokaa, yachujwe, ndipo yatiwe mbegu ya uyoga. Kamua konzi moja: yakitoka matone machache tu, maji yanatosha. Uyoga ukishavunwa, mabaki ni mbolea.

4. Bayogesi

Kinyesi cha nguruwe wanaolishwa sileji hiyo kinaweza kutoa gesi ya kupikia. Tatizo letu ni Juni na Julai: usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na vijidudu vya methani hulegea. Kwa hiyo mtambo wa gesi uchimbiwe ardhini.

5. Tahadhari

Tanuru la shaba liliwashwa mjini mwaka 1911, na udongo wa upande wa mtaa wa Penga Penga una shaba, risasi na kadmiamu. Uchachushaji haupunguzi metali. Zitabaki katika chakula cha mifugo na katika mbolea. Taka ya huko isitumike.

6. Mapendekezo

Mihogo mingi huingia mjini ikiwa imeshamenywa na kukaushwa. Basi pipa la kwanza liwekwe kijijini, mikononi mwa mama wanaomenya, na mfugaji alipie sileji hiyo kama anavyolipia pumba.