Kazi ya siku ishirini isiuzwe



Leo tunasema juu ya kazi moja fupi: kwenda vijijini, kuuliza watu maswali na kuandika majibu, ili ijulikane kama mradi wa maendeleo umefaa ao hapana. Ni siku 15 ao 20 tu. Kwetu sisi tuko na diploma bila kazi, ni kodi ya nyumba, ni dawa ya mama.

Tunajua vile inaendaka. Tangazo linabandikwa Ijumaa jioni, mwisho Jumatatu asubuhi. Tuko kwenye mulongo, dosie mukononi, mutu anatuita pembeni: «Muko na ngapi?» Wamoja kati yetu walitoa dola, wanangojea simu mpaka leo. Wengine walifuata mafunzo siku tatu bila hata maji ya kunywa, kisha yakasomwa majina ya watu hatukuwaona hata siku moja mule chumbani.

Lakini si sisi peke yetu tunapoteza. Haut-Katanga iko na teritware sita: Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Kasenga wanasema Kibemba, Mitwaba Kiluba. Ukituma mutu aliyenunua nafasi, hajui luga, haogopi mutu, atakaa chini ya muembe na kujaza majibu yeye mwenyewe. Na tuseme kweli: hata kati yetu kuko waliofanya vile, juu feza ya safari haikutolewa. Ni vibaya. Kisima kilichokauka kinaandikwa «kinatoa maji», na hakuna mutu atarudi kukitengeneza.

Inchi hii haijahesabu watu wake tangu 1984. Serikali iliahidi shule, vituo vya afya na barabara katika programu ya teritware 145. Kama muulizaji ananunua nafasi, nani atatuambia ukweli?

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Tangazo likae siku 10, hata ku ONEM na ku chuo kikuu. Mutihani ufanywe, majina na pointi zibandikwe ukutani. Vijana wanaojua luga ya teritware watangulie. Mukataba uandikwe, na feza ya safari itolewe mbele ya kuondoka. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inajua mukataba wa muda. Kazi fupi nayo ni kazi.

Na sisi tunajifunga: hatutatoa hata franka moja juu ya nafasi, na hatutajaza karatasi ya nyumba hatukuingia. Mukiombwa feza, muandike siku, fasi na kiasi, mutuletee. Mutu mumoja akisema peke yake wanamucheka. Tukisema mia moja, watasikia.

Kazi isiuzwe. Kijiji kisidanganywe.