Chombo Kitupu Ukutani Hakinawishi Mikono

Mazungumzo kwa vikundi vya Migori na Homa Bay



Leo tuzungumze juu ya vyombo vya sabuni na dawa ya mikono vinavyotundikwa ukutani hospitalini. Tangu Korona iingie Kenya mwezi wa Machi 2020, vimekuwa vingi. Lakini je, ukibonyeza, kinatoa kitu?

Jambo hili si dogo. Mwaka 1847, katika hospitali ya wazazi huko Vienna, daktari Semmelweis aliwaamuru wenzake wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa akina mama. Mwaka 1846 walikuwa wamekufa mama 11 hivi kati ya 100. Mwaka 1848 alikufa kama 1 tu kati ya 100. Beseni lile lingekaa tupu, wangeendelea kufa.

Kwa nini vyombo vyetu hushindwa? Vya betri hunyamaza betri ikiisha. Pampu huziba. Lakini kubwa ni hili: hakuna aliyepewa kazi ya kujaza. Kila mmoja anadhani mwenzake amejaza. Nyinyi mnajua, kikundi kisicho na mweka hazina hakikosi kupoteza pesa, sivyo?

Basi mlio katika kamati za zahanati, ulizeni mambo haya:

1. Kila chombo kiwe na mtu wake, jina liandikwe.

2. Kikaguliwe kila asubuhi na kutiwa alama kwenye karatasi.

3. Sabuni ya maji isiongezwe juu ya ile ya zamani. Chombo kioshwe na kukauka kwanza, maana viini huzaliana humo.

4. Kuwe na cha akiba: mtungi wenye mfereji, au kibuyu chirizi cha kukanyaga kwa mguu, pamoja na sabuni. Hicho twaweza kukitengeneza wenyewe, hakingoji betri. Tena mikono yenye uchafu unaoonekana yataka maji na sabuni, sanitaiza haitoshi. Tukumbuke kipindupindu cha 2015 katika kaunti zetu hizi mbili.

Nawe unayemuuguza mtu wodini, ukikuta chombo kitupu usinyamaze. Sema kwa heshima: "Sista, dawa ya mikono imeisha." Huo si ugomvi. Muuguzi naye ana watoto nyumbani.

Kila kikundi kichague watu wawili wa kufuatilia zahanati iliyo karibu, nao watoe ripoti mkutano ujao.