Gari Ambalo Bado Si Lako

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu, nalo ni adabu ya kujaribu gari la fahari kabla ya kulinunua. Tunajua kwamba wengi wenu mnatusikiliza mkiwa jikoni, dukani au ndani ya matatu, na pengine mmoja wenu amekwisha kusema, "Mambo ya matajiri yanatuhusu nini sisi?" Subiri kidogo, ndugu yetu. Mlango wa duka la magari ni mahali ambapo watu wawili wasiojuana hupimana kwa dakika chache, na mara nyingi hupimana vibaya.

Kwanza tueleze desturi yenyewe. Katika maduka ya magari mapya mjini Nairobi yamo magari ambayo bei ya moja tu inatosha kujenga nyumba nzuri na kuichimbia kisima. Hata hivyo, mwenye duka humruhusu mteja aketi penye usukani, awashe injini na kulitoa gari barabarani bila kulipa hata senti moja. Mteja hutakiwa kuonyesha leseni yake ya kuendesha, nayo hutolewa nakala, kisha hutia sahihi karatasi inayoeleza habari za bima. Mwuzaji huketi kando yake. Huenda kilomita chache, wakarudi, na ufunguo ukarudishwa mezani. Ukilifikiri sana, hili ni jambo la ajabu. Jirani uliyekaa naye miaka 10 akikuomba baiskeli, utamwuliza anakwenda wapi na atarudi saa ngapi. Lakini hapa mgeni amekabidhiwa mali ya mamilioni kwa sababu tu amesema, "Nataka kununua."

Mtu wa kwanza kulijaribu gari kwa safari ndefu alikuwa mwanamke. Mwezi wa Agosti 1888, huko Ujerumani, Bertha Benz alilichukua gari la magurudumu matatu lililoundwa na mumewe Karl, akatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, mwendo wa kilomita 100 hivi. Mumewe hakuambiwa. Wanawe wawili walikuwa pamoja naye, na penye milima walishuka wakasukuma. Mafuta yalipopungua, aliyanunua kwa mwuza dawa katika mji wa Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipolika, alimtafuta fundi wa viatu azitie ngozi. Alitaka watu wauone uzuri wa kazi ya mumewe, naam, lakini alirudi nyumbani na habari za kasoro zake pia: breki zinahitaji kutengenezwa, na yafaa iongezwe gia ya kupandia milima. Kila ajaribuye gari siku hizi anafuata njia ya mama yule, ingawa wengi hurudi na picha tu.

Jina hilo la Benz limo katika jina la Mercedes-Benz tangu mwaka wa 1926, na sisi watu wa Afrika Mashariki tulilipa kazi nyingine. Baada ya uhuru watu walianza kusema juu ya Wabenzi, kana kwamba ni kabila. Kabila hilo halikuwa na kijiji wala lugha. Alama yake ilikuwa ile nyota iliyosimama mbele ya gari. Lilikuwa neno la mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na uchungu, kwa maana lilionyesha kwamba mtu amekwisha kupimwa kwa gari lake. Na ikiwa mtu hupimwa kwa gari lake, basi si ajabu kwamba mwuzaji naye humpima mtu kwa viatu vyake, ili ajue kama anastahili kulikaribia gari hilo.

Jambo hili hutendeka kila siku. Mwuzaji huangalia viatu, huangalia saa mkononi, kisha hutupa jicho nje ya kioo aone mgeni amekuja na nini. Aliyekuja kwa miguu huanza kuulizwa maswali na askari wa langoni. Mfikirie baba mmoja mkulima wa chai, aliyeondoka Kericho alfajiri na gambuti zake kwa sababu ya matope. Ameweka akiba miaka mingi, watoto wamemaliza shule, na sasa anataka gari moja zuri la kumalizia uzee wake. Anaingia, analizunguka gari polepole, anaushika mlango. Kijana anakuja, na kabla ya kumwamkia anasema, "Hilo bei yake ni kubwa, mzee." Yule baba hakuuliza bei. Amejibiwa swali ambalo halikutoka kinywani mwake.

Mwezi wa Januari 2022 habari kama hiyo ilienea duniani kutoka Tumakuru, katika jimbo la Karnataka, India. Mkulima mmoja alikwenda na rafiki zake kuulizia gari la kubebea mizigo, wala halikuwa gari la fahari. Mwuzaji aliwatazama jinsi walivyovaa, akawadhihaki kwamba labda hawana hata rupia 10 mfukoni. Yule mkulima aliondoka, na baada ya muda mfupi akarudi na rupia 1,000,000 taslimu, akadai apewe gari lake siku ile ile. Halikuwako gari la kumpa! Polisi walikuja kutuliza ugomvi, na wafanya kazi wa duka wakaomba radhi. Watu wengi walifurahia kisa hicho kwa sababu ya zile fedha. Sisi tunaona kwamba zile fedha ndizo zinazotusumbua. Kama mkulima yule angalikuwa hana kitu, dhihaka ile ingalikuwa mbaya vile vile, ila sisi tusingaliisikia.

Wale wanaosoma Biblia watakumbuka kwamba Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, aliwakemea waumini waliompa kiti kizuri mtu mwenye pete ya dhahabu, na kumwacha maskini asimame. Inafaa kuona kwamba alikuwa akisema juu ya mkutano wa ibada. Tabia hii haikuanzishwa na wauzaji wa magari.

Liko na hili la akina mama. Wakati mmoja tuliandamana na mume na mke waliokwenda kutazama gari katika duka moja mjini. Mke ndiye aliyekuwa akinunua. Fedha zilikuwa zake, na leseni ya kuendesha ilikuwa yake, kwa maana mume hakuwahi kujifunza. Mwuzaji alizungumza na mume muda wote. Mama aliuliza juu ya gharama ya matengenezo, na jibu likapelekwa kwa baba. Mama aliuliza kama vipuri vinapatikana hapa nchini, na baba akaambiwa juu ya nguvu za injini. Ulipofika wakati wa kujaribu, ufunguo ulitolewa mkononi mwa baba, naye kwa upole akaupitisha kwa mkewe. Kijana yule alinyamaza njia nzima. Hatukumchukia, alikuwa kijana mwenye adabu kwa namna yake. Lakini tungalipenda mtu ampe habari za Bertha Benz.

Basi tumewasema wauzaji vya kutosha. Sasa tugeuke upande wetu sisi wateja, kwa sababu huku nako kuna maneno.

Wako watu wanaoingia madukani hali wanajua kabisa kwamba hawanunui. Kijana ameazima koti, amepiga viatu rangi, na amemchukua rafiki mwenye simu nzuri ya kupiga picha. Anamwambia mwuzaji kwamba fedha zitaingia benki wiki ijayo. Anaendesha, anapigwa picha akishika usukani, na jioni picha hiyo imekwisha kuwafikia watu wa nyumbani na yule msichana anayetaka kumwoa. Huenda ukauliza, kuna ubaya gani? Gari limerudi salama, hakuna kilichoibwa. Ndugu msikilizaji, kilichochukuliwa ni wakati wa mtu. Wauzaji wengi hutegemea kamisheni ya gari wanalouza. Mwezi usiouza kitu ni mwezi wa kumwomba mwenye nyumba asubiri kodi. Saa moja ya Jumamosi asubuhi, ambayo ndiyo siku wateja wanapokuja, ameitumia kwa mtu aliyemdanganya. Na huenda katika saa hiyo yule mkulima wa Kericho amesimama peke yake penye gari, akaondoka. Tena, akidanganywa mara kumi, mwuzaji hujifunza kutazama viatu. Kwa hiyo wale wanaojifanya wanunuzi ndio wanaowafungia mlango watu wa kweli wenye mavazi ya kawaida.

Je, ni vibaya kutazama? Hapana. Mtu ana ruhusa ya kupenda kitu kizuri asichoweza kukinunua. Mwambie tu mwuzaji ukweli mlangoni: "Leo nimekuja kutazama, sina fedha bado." Mwuzaji mwenye hekima atakuacha uketi ndani, atakueleza, na kama hana mteja mwingine pengine atakuzungusha kidogo. Anajua kwamba watazamaji wa leo ndio wanunuzi wa miaka ijayo. Akikataa, hajakukosea, gari ni la duka.

Na ukiwa umepewa ufunguo, zipo adabu chache. Usije na ukoo mzima. Usile wala kunywa ndani yake. Weka kiti na vioo sawasawa kabla ya kuondoka, na kama hujui kifaa fulani, uliza. Magari haya ya siku hizi yana mambo mengi; mengine huwashwa kwa kubonyeza kitufe, na yale ya umeme hayatoi sauti, hata mtu hudhani halijawaka akalikanyaga likaruka. Hakuna aibu katika kuuliza. Aibu iko katika ukuta uliogongwa. Usiunganishe simu yako na redio ya gari bila ruhusa, na ukiunganisha, uifute kabla ya kushuka, la sivyo majina ya rafiki zako wote yatabaki humo kwa atakayekufuata. Mjini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, kwa gari la fahari kama kwa gari la mkaa. Ukitaka kuzijaribu breki, mwambie aliye kando yako, tena tazama nyuma kwanza.

Isome ile karatasi kabla ya kutia sahihi. Uliza: nikilikwaruza, bima inalipa kiasi gani na mimi nalipa kiasi gani? Watu hutia sahihi haraka kwa sababu wanaona haya kuonekana washamba, halafu hujuta.

Lakini adabu haina maana ya kunyamaza. Mwuzaji atakupeleka kwenye barabara laini, kwa maana huko kila gari ni zuri. Unaweza kumwomba kwa heshima mpite penye matuta na penye changarawe, kwa sababu huko ndiko utakakoishi na gari hilo. Uliza bei ya magurudumu yake. Uliza matengenezo yanafanyika wapi na huchukua siku ngapi. Ukienda katika yadi za magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo kwetu Kenya ndiyo wanayonunua watu wengi, nenda na fundi wako, umtambulishe wazi kwamba ni fundi. Si vizuri kumwita shemeji yako ili achunguze kwa siri.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wanalijua vizuri kuliko sisi. Mtu akishaketi juu ya kile kiti cha ngozi, akasikia harufu ya upya, akaona watu wa barabarani wakigeuza shingo, moyo wake hulainika. Karatasi za mkopo huletwa wakati huo huo, pamoja na chai. Tunawasihi, wapenzi wasikilizaji, msitie sahihi siku hiyo. Nenda nyumbani ukalale. Zungumza na mwenzako aliyebaki nyumbani, ambaye hakuisikia harufu ile, na mhesabu pamoja karo, bima, mafuta, na kile kitakachobaki kila mwezi kwa muda wote wa mkopo. Tumewaona watu waliouza shamba ili kulipia gari, na miaka miwili baadaye gari likachukuliwa na benki. Shamba halikurudi. Mwuzaji mwaminifu hatakasirika ukisema unataka kufikiri, na akikuambia kwamba bei hiyo ni ya leo tu, una sababu moja zaidi ya kwenda kulala.

Na ukiamua kwamba hununui, mwambie. Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Mwuzaji hupiga simu siku ya kwanza, tunamwambia tuko mkutanoni. Hupiga mara ya pili, hatuipokei. Mara ya tatu tunampa mtoto aseme baba hayupo, na hivyo tunamfundisha mtoto kusema uongo kwa ajili ya gari ambalo hata hatukulinunua. Ni afadhali kumwambia mara moja, "Ndugu yangu, gari ni zuri, lakini sitalinunua. Asante kwa wakati wako." Atasikitika kidogo, atakata jina lako katika daftari lake, kisha atampigia anayefuata.